Picha ya Mahali Mbali

Picha ni kipande cha kimya kilichokatwa katika mwendo wa dunia. Upepo huvuma, jua huenda, mtoto hukua na mti huanguka. Lakini picha husimama pale pale iliposimamishwa. Kwa sababu hii watu huiamini kuliko maneno. Mtu akisema kwamba jambo fulani lilikuwapo, huulizwa shahidi. Akitoa picha, maswali hupungua. Heshima hii ni kubwa, na kila heshima kubwa ina mtu wa kuitumia kwa wema na mtu wa kuitumia kwa hila. Kati ya hao wawili yuko wa tatu, naye ni mwingi kuliko wote: huyu huitumia kwa mchezo, wala hajui mchezo wake utaishia mlangoni pa nani.

Upande wa magharibi wa mji wa Dodoma, katika uwanda wa juu wa katikati ya Tanzania, kuna mahali paitwapo Zuzu. Katika Kiswahili neno zuzu ni jina la mtu asiyejua mambo, na wageni hucheka walisikiapo. Walakini mahali hapa hapana ubia na maana hiyo. Siku hizi Zuzu ni kata ya Jiji la Dodoma, na jina lake hutajwa mara nyingi katika habari za umeme, kwa kuwa pana kituo kikubwa cha kupozea umeme wa gridi ya taifa. Nyaya nene hupita juu ya mashamba ya mtama na uwele, na aliye chini yake huzisikia zikinong'ona wakati wa upepo. Nchi yenyewe ni ya Ugogo. Kimo chake ni kama mita 1,100 juu ya bahari. Mvua yake huja msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili, na kwa mwaka wa kawaida haivuki sana milimita 500 au 600. Miezi iliyobaki ni ya vumbi, upepo na subira.

Katika mwezi mmoja wa Oktoba, mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, mzaliwa wa Zuzu, alisimama ukingoni mwa shamba la bibi yake akapiga picha kwa simu. Picha ilikuwa ya kawaida. Chini palikuwa na udongo mwekundu uliovunwa kitambo. Katikati palikuwa na mbuyu mmoja usio na jani. Chini ya mbuyu palikuwa na rundo la mawe, si kubwa. Nyuma yake palionekana waya wa umeme uliokata mbingu vipande viwili. Na mbali kabisa palikuwa na kilima cha buluu. Mtu hakuonekana. Kijana aliitazama, akaipenda kwa upweke wake, akawapelekea wenzake wa chuo pamoja na changamoto: kila mmoja aichukue picha hii ya mahali mbali, aiunde upya kama apendavyo kwa kompyuta au kwa simu, kisha wote wapige kura kuchagua iliyo bora.

Mchezo wa namna hii umeenea duniani, na si mchezo wa wavivu. Sharti lake ni moja: wote huanza na picha ile ile. Kwa hivyo tofauti ya matokeo si tofauti ya bahati bali ya akili na jicho. Mwanafunzi hujifunza jinsi nuru inavyoanguka, maana akiweka kitu kipya ambacho kivuli chake kinaelekea mashariki, hali vivuli vya vitu vya zamani vinaelekea magharibi, kila mtu atajua kwamba amekosea. Hujifunza umbali, maana vitu vya mbali hufifia na kugeuka buluu, na mlima uliokolea kama kiatu cha jirani hauaminiki. Hujifunza kipimo, maana twiga mrefu kuliko mbuyu ni kichekesho. Anayejifunza kudanganya jicho hulazimika kwanza kujua jinsi jicho linavyoona, na ujuzi huo ni elimu.

Wala sanaa hii si mtoto wa jana. Katika miaka ya 1850 mabamba ya kupigia picha hayakuweza kunasa mbingu na bahari kwa pamoja: mpiga picha akipata mawimbi, mbingu iliungua kwa weupe, akipata mawingu, bahari ilizama gizani. Gustave Le Gray wa Ufaransa alipiga bahari katika bamba moja na mbingu katika bamba jingine, kisha akaviunganisha katika karatasi moja. Mwaka 1857 Oscar Rejlander, mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi Uingereza, aliunganisha mabamba zaidi ya 30 kufanya picha moja ya vijana wawili wanaochagua baina ya njia ya wema na njia ya anasa. Malkia Victoria alinunua nakala yake. Basi picha ilipokuwa bado changa, tayari ilikuwa imekwisha kujua kushonwa viraka.

Pwani ya Waswahili nayo haikukosa mafundi. Katika Lamu, Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka 1993, alijulikana kwa picha zake za kuunganisha, alizozifanya kwa makasi, kwa mwanga na kwa subira, kabla kompyuta haijafika katika maduka ya picha. Katika Likoni, karibu na kivuko cha Mombasa, wapiga picha walitundika nyuma ya wateja wao mapazia yaliyopambwa kwa meli, ndege na majumba. Msafiri kutoka bara alisimama mbele ya meli asiyoipanda, akapeleka picha nyumbani, na nyumbani wakafurahi. Hakuna aliyefanywa mjinga. Mama aliyepokea picha ile alijua kwamba mwanawe hana meli. Alichosoma pale ni tamaa ya mwanawe, na tamaa ile ilikuwa ya kweli.

Hata programu ya Photoshop, iliyoanza kuuzwa mwaka 1990 na ambayo jina lake limekuwa kama jina la sanaa yenyewe, ilifundishwa kutembea kwa picha ya mahali mbali. John Knoll, aliyeibuni pamoja na ndugu yake Thomas, alikuwa na picha aliyompiga mchumba wake mwaka 1987, ameketi katika ufuko wa Bora Bora, amegeuzia kamera mgongo. Picha hiyo aliitumia kuwaonyesha watu maajabu ya programu: hapa kisiwa kimoja, na sasa viwili, hapa mwanamke mmoja, na sasa wawili. Picha nyingine inayojulikana zaidi ni ile ya kilima kibichi chini ya mbingu ya buluu, aliyoipiga Charles O'Rear huko California mwaka 1996, ambayo tangu mwaka 2001 ilifunguka katika kompyuta zenye Windows XP ulimwenguni kote. Wengi waliamini kwamba imetengenezwa, na mwenyewe amekana. Wachezaji wa mchezo huu wameijaza wanyama, majumba na mioto isiyo na hesabu.

Hapa linazuka swali. Kwa nini mchezo huu hupenda sana picha za mahali mbali, mahali pasipo mtu? Jibu ni jepesi: kwa sababu huonekana hapana wa kulalamika. Mtu akigeuza uso wa mtu, mwenye uso atakuja. Akigeuza kilima, kilima hakina mdomo. Lakini neno mbali ni neno la msafiri. Hakuna mtu aliyezaliwa mbali. Mtoto wa Zuzu alizaliwa karibu kabisa, katika mikono ya mama yake, na ni Dar es Salaam na Ulaya zilizokuwa mbali. Anayesema kwamba mahali fulani ni mbali husema habari za miguu yake mwenyewe, wala hasemi habari za mahali.

Ugogo imeonja adhabu ya neno hili zamani. Misafara ya karne ya 19, ya Waarabu, ya Waswahili, ya Wanyamwezi na ya Wazungu, ilipita hapa ikielekea maziwa makuu. Burton na Speke walipita katika safari yao ya 1857 mpaka 1859, na Stanley akapita mwaka 1871. Nchi iliandikwa kuwa kavu, yenye kiu, ya kupitwa upesi. Lakini waandishi wale wale waliandika pia, kwa manung'uniko mengi, habari za hongo waliyotozwa na watemi wa Ugogo, na za nafaka waliyonunua kwa wenyeji. Nyika tupu haitozi hongo, wala haiuzi nafaka. Hongo ilikuwa jina la kistaarabu la neno hili: maji haya yana wenyewe.

Wanafunzi wale walirudisha kazi zao baada ya juma moja. Wa kwanza alikuwa ameileta bahari Zuzu: mawimbi yalipiga shina la mbuyu, na jahazi lilitia nanga kwenye kilima. Wa pili alijenga mji wa majumba ya vioo, wenye treni inayopita hewani. Wa tatu aliongeza ukame juu ya ukame: alipasua ardhi kama kigae, akaweka mifupa ya ng'ombe na tai watatu juu ya tawi. Wa nne aliifunika ardhi kwa mtama mbichi, mrefu, wenye masuke mazito, na mbuyu akauvika majani. Wa tano hakuongeza kitu. Aliondoa. Aliufuta waya wa umeme, akalifuta rundo la mawe, akayasafisha mabua yaliyosalia shambani, akaipaka mbingu wekundu kidogo wa jioni. Picha yake ilikuwa tulivu kama sala. Kura zote, isipokuwa mbili, zilikwenda kwake.

Ni vema kueleza jinsi kufuta huko kunavyofanywa. Programu haijui kilichokuwa nyuma ya jiwe, kwa kuwa kamera haikukiona. Inachofanya ni kuazima rangi za udongo wa jirani, pikseli kwa pikseli, na kuzilaza juu ya jiwe mpaka lisionekane. Zamani kazi hii ilitaka mkono mwepesi na usiku mzima. Siku hizi akili mnemba huimaliza kabla mtu hajapenga kamasi. Udongo unaoonekana mahali pa jiwe ni udongo usiokuwapo. Jiwe limezikwa kwa mara ya pili, na safari hii bila ya waombolezaji.

Likizo ilipofika, kijana alirudi Zuzu na kazi zote tano ndani ya simu yake. Bibi yake alikuwa ameketi kivulini akipeta uwele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekonda. Huko chuoni hamli?"

Alimwonyesha picha moja baada ya moja. Kwa bahari, bibi alicheka mpaka ungo ukamtoka mikononi. Alisema kwamba sasa atauza samaki. Kwa mji wa vioo aliuliza nani atafagia vioo vile katika vumbi la Septemba. Kwa picha ya mifupa alinyamaza. Mama yake alizaliwa karibu na miaka ya Mtunya, njaa kubwa ya Ugogo ya baina ya 1917 na 1920, iliyokuja baada ya majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza kuchukua nafaka, mifugo na wapagazi, na mvua nazo zikakosa. Aliirudisha simu bila ya kusema neno. Kwa mtama mbichi alisogeza uso karibu, akasema, "Hapa ni kwetu. Mwezi wa tatu, mwaka wa mvua nzuri." Kijana alitaka kumweleza kwamba mtama ule haukuwapo, ni wa kuchorwa, akaona aibu, kwa maana bibi aliulima mtama ule kwa mikono yake mara nyingi kuliko miaka ya mjukuu.

Kisha akamwonyesha picha iliyoshinda. Bibi aliitazama kwa muda mrefu.

"Hapa ni wapi?" akauliza.

"Ni pale pale, bibi. Shambani."

"Si pale. Babu yako yuko wapi?"

Rundo lile la mawe lilikuwa kaburi. Kijana alilijua tangu utoto, na kwa sababu alilijua mno alikuwa hakulitazama; wenzake hawakulijua, na kwa sababu hawakulijua waliliona kuwa ni taka. Miaka ya 1970 na 1971, katika Operesheni Dodoma, familia nyingi za Ugogo zilihamishwa kutoka makazi yao ya kutawanyika zikakusanywa katika vijiji. Tembe ya familia hii, nyumba ndefu ya udongo yenye paa la bapa, iliachwa shambani, na mvua zikairudisha kuwa udongo. Kilichosalia pale kuonyesha kwamba watu waliishi ni mbuyu, ambao hauna jina la mtu, na kaburi la babu, ambaye alipofariki miaka ya baadaye aliomba azikwe katika ardhi yake ya kwanza. Mawe yale yalikuwa ndiyo hati. Hayakuwa na mhuri, lakini jirani yeyote aliweza kuyasoma.

Jambo hili lingalikuwa huzuni ya nyumba moja tu kama lisingaliangukia katika wakati wake. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya Tanzania yahamie Dodoma, na kwa miaka mingi uamuzi huo ulikwenda kwa mwendo wa kinyonga. Tangu mwaka 2016 mwendo ulibadilika. Serikali ilihamia kweli. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyoundwa mwaka ule ule wa 1973, ilivunjwa mwaka 2017. Na mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Mashamba ya pembeni ambayo bei yake ilikuwa ikihesabiwa kwa magunia ya mtama yakaanza kuhesabiwa kwa mita za mraba. Palipo na mita za mraba dalali hakosi.

Picha nzuri haina mipaka ya kutembea. Ile iliyoshinda ilitoka kwa wanafunzi ikaenda kwa marafiki wa wanafunzi, na kutoka kwao ikaenda kusikojulikana. Miezi michache baadaye mtu mmoja alifika Zuzu kutoka mjini, amevaa viatu safi, na mkononi ana simu. Alikuwa ameuziwa kwa maneno kiwanja kikubwa, tena amekwisha kutoa malipo ya kwanza kwa dalali. Aliambiwa kwamba ni ardhi tupu, isiyo na mgogoro, isiyopitiwa na umeme mkubwa, isiyo na kaburi wala kibanda. Ushahidi wake ulikuwa picha. Alisimama ukingoni mwa shamba, akaitazama picha, akaitazama ardhi, akaitazama picha tena. Juu yake waya ulinong'ona. Mbele yake mawe yalikaa kimya. Bibi, aliyeitwa na watoto, alikuja na jembe lake begani, wala si kwa ugomvi. Alikuwa akielekea kazini.

"Karibu, mwanangu," alimwambia. "Umepotea?"

Mtu yule hakuwa mwovu. Alikuwa mtumishi aliyetaka kujenga nyumba. Waliketi chini ya mbuyu, akasimuliwa habari za mawe, naye akaonyesha picha. Kijana, aliyekuwapo siku ile, aliitambua. Alitafuta katika simu yake picha ya kwanza, yenye siku na saa yake, akamwekea kando ya ile nyingine. Zilikuwa kama ndugu mapacha ambao mmoja wao ametolewa jicho. Mnunuzi aliondoka kwenda kutafuta fedha zake, na haijulikani kama alizipata. Shamba lilibaki kwa wenyewe. Lakini lilibaki kwa sababu mnunuzi alikuwa na nauli ya kuja kutazama. Angalikuwa mtu wa kununua kwa simu kutoka mbali, kesi ingalifika barazani, na mwanamke mwenye jembe angalilazimika kushindana na picha.

Ni rahisi kutoa hukumu kwamba kugeuza picha ni uongo, na uongo ni dhambi. Hukumu hiyo ni fupi mno. Aliyeleta bahari Zuzu alisema uongo mkubwa kuliko wote, na hakumdanganya mtu hata mmoja. Hata bibi alicheka. Aliyeufuta waya na mawe alisema uongo mdogo kuliko wote, na karibu amnyang'anye mjane shamba. Uongo mkubwa huja na kengele shingoni. Uongo mdogo huja kwa miguu mitupu. Kwa hivyo kipimo cha ubaya wa picha iliyogeuzwa si wingi wa mageuzi bali ni kama mtazamaji amepewa njia ya kujua.

Tena, kuongeza na kuondoa si ndugu sawa. Kilichoongezwa huonekana, na kinaweza kuulizwa kimetoka wapi. Kilichoondolewa hakionekani, na hapana mtu aulizaye habari za kitu asichojua kwamba kilikuwapo. Wenye nguvu wamelijua jambo hili zamani. Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi ya siri ya Urusi ya Stalin, alipigwa picha pamoja na bwana wake kando ya mfereji wa Moscow. Aliuawa mwaka 1940, na baadaye katika picha ile mahali pake pakajazwa maji ya mfereji. Jarida la National Geographic, toleo la Februari 1982, lilizisogeza piramidi za Giza zikaribiane ili zienee katika jalada lililosimama; hakuna aliyekufa kwa hilo, lakini wasomaji walikasirika, kwa sababu waliona kwamba kama jiwe la miaka zaidi ya 4,000 laweza kusogezwa, basi hapana kitakachokaa mahali pake.

Kuna pia kuondoa kusikotaka kompyuta. Serengeti ilipotengwa na Ngorongoro mwaka 1959, Wamasai walitakiwa kuondoka katika Serengeti, na tangu hapo picha za nyika ile zimezunguka dunia zikionyesha wanyama, nyasi na mbingu, kana kwamba hapakuwahi kuwa na mchungaji. Huko ardhi ndiyo iliyohaririwa kwanza, na picha ikafuata. Zuzu picha ilihaririwa kwanza, na ardhi ilikuwa karibu kufuata. Mambo haya mawili hutazamana kama mtu na kioo chake.

Hata hivyo ukweli wa picha isiyoguswa nao una kasoro yake. Picha ya kwanza ya kijana, ambayo haikuguswa, ilipigwa Oktoba. Ingalipigwa Machi, Zuzu ingalikuwa nchi ya kijani, na yule aliyeotesha mtama angalionekana hana kazi. Anayepiga picha huchagua mwezi, saa, mahali pa kusimama na kitu cha kuacha nje. Amekwisha kuhariri kabla hajabonyeza. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, alipiga filamu ya njaa ya Korem huko Ethiopia mwezi wa Oktoba 1984, na dunia ikasimama, ikatoa chakula na fedha. Filamu ile ilikuwa kweli tupu na iliokoa watu wengi. Walakini walioitazama wengi waliiganda nchi nzima katika siku ile, na miaka mingi baadaye walishangaa kusikia kwamba Ethiopia ina milima mibichi na mito. Kosa halikuwa la mpiga picha. Lilikuwa la mtazamaji aliyedhani kwamba siku moja ni tabia.

Ndiyo maana yule bibi, asiyejua lolote la programu, alikuwa hakimu bora kuliko kura zote za chuo. Aliikubali picha iliyobuniwa ya mtama, kwa kuwa ilisema neno la kweli juu ya mahali. Akaikataa picha iliyobakiza udongo na mti wa kweli, kwa kuwa ilinyamaza neno moja la kweli. Yeye hakupima picha kwa picha. Aliipima kwa mahali.

Mchezo wenyewe haustahili kupigwa marufuku. Tanzania inayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na mwenye kutangaza uongo kwa nia ya kudanganya yaweza kumkamata. Lakini sheria hukamata nia, na wanafunzi wale watano hawakuwa na nia mbaya hata chembe. Kinachotakiwa kwao ni adabu, na adabu ya kazi hii si nzito. Picha ya kwanza na itunzwe, ikae karibu na mtoto wake. Picha iliyogeuzwa na iseme kwamba imegeuzwa, kwa maandishi yasiyofutika upesi. Anayetaka kuongeza na aongeze kwa furaha. Anayetaka kuondoa na aulize kwanza kitu hicho ni nini, na amwulize mtu wa mahali pale, si rafiki yake wa mbali. Na kabla ya kuita mahali kuwa patupu, mtu avue viatu akatembee hapo hatua mia moja.

Kijana aliwaandikia wenzake habari ya mawe. Aliyeshinda aliomba radhi, akaifuta kazi yake, ingawa hakuweza kuzifuta nakala zilizokwisha kwenda. Kisha wakafanya shindano la pili kwa picha ile ile, na safari hii sharti likaongezwa: hakuna kuondoa, kila mmoja aongeze kitu kilichopata kuwapo kweli mahali pale, naye aende akakiulizie. Mmoja alirudisha tembe, paa lake bapa na mlango wake mfupi, kwa vipimo alivyoonyeshwa na bibi kwa hatua za miguu. Mmoja alileta msafara wa wapagazi waliotua mizigo, wakingoja ruhusa ya kunywa maji. Mmoja alileta ng'ombe. Hawakupiga kura.

Picha iliyotundikwa ukutani kwa bibi si hata moja katika hizo. Ni ile ya kwanza ya Oktoba, kavu, yenye waya. Alipoulizwa kama hataki itiwe hata wingu dogo, alisema kwamba mvua ya picha haimlishi mtu, na kwamba yeye atangoja ile nyingine. Halafu alinyanyuka, akachukua jembe, maana Desemba ilikuwa imekaribia.